Kabla Hujaunganisha Tovuti za Kibugu

Kibugu, ukishajulikana kwamba unaweza kutengeneza tovuti, hutaombwa moja. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kitataka pa kutangaza malipo ya kilo ya cheri. Shule ya upili itataka mahali wazazi watakapopakua barua za kujiunga. Kanisa litataka ratiba ya ibada na taarifa za harambee. Kikundi cha akina mama wenye makadamia kitataka wanunuzi wa Nairobi wakione. Hakuna hata mmoja kati yao aliye na bajeti ya maana, nawe una saiba ya kuendesha. Ndipo wazo linapokujia, na si wazo baya: kwa nini usisakinishe WordPress mara moja tu, kisha tovuti zote ziendeshwe kutoka hapo? Utasasisha mara moja, utalipia seva moja, utaingia kwa paswadi moja.

Uwezo huo upo, unaitwa Multisite, na haukuzuka jana. Uliingizwa ndani ya WordPress katika toleo la 3.0, Juni 2010. Kabla ya hapo ulikuwa programu ya pembeni iliyoitwa WordPress MU. Huduma ya WordPress.com inabeba mamilioni ya tovuti kwa njia hiyo hiyo. Lakini vijana wengi wanaojaribu hukesha nayo usiku kucha, halafu wakaamka na tovuti tano ambazo hazifunguki hata moja. Naamini sehemu kubwa ya mateso hayo haitokani na msimbo. Inatokana na swali ambalo halikuulizwa mwanzoni: hizi tovuti ni za nani?

Mtandao wa tovuti ni kama ploti ya nyumba za kupanga yenye mita moja ya stima. Mpangaji mmoja akiwasha hita mchana kutwa, tokeni zinaisha na ploti nzima inaingia gizani. Ndani ya Multisite kuna hifadhidata moja, folda moja ya plagini, orodha moja ya watumiaji na seva moja. Siku ambayo wazazi mia kadhaa wanapakua barua za kujiunga kwa pamoja, seva ya bei nafuu inafikia kikomo chake, na mkulima anayetafuta tangazo la malipo anakuta ukurasa umekataa kufunguka. Yeye hana mtoto katika shule ile. Atakupigia wewe simu.

Kwa hiyo chukua daftari na uandike mwenye kila tovuti, ukimaanisha chombo chenye mamlaka juu yake: kamati ya chama, bodi ya shule, baraza la kanisa. Aliyekutuma si lazima awe ndiye mwenyewe. Wenye mali tofauti wapewe usakinishaji tofauti, hata kama wanakaa kwenye seva moja. Ni kweli utasasisha mara nne badala ya mara moja, lakini siku mmoja akitaka kuondoka, au akikosana na mwingine, au akishindwa kulipa, utamfungia virago vyake bila kugusa vya jirani. Mtandao uwe wa mwenyewe mmoja mwenye matawi: chama cha ushirika chenye viwanda kadhaa, au parokia yenye shule, zahanati na kikundi cha vijana chini ya kamati moja. Chuo Kikuu cha Nairobi kinaonyesha sura ya jambo hili kwa upana wake, maana idara zake zina tovuti zao chini ya jina moja la uonbi.ac.ke, na nyuma yao kuna mwajiri mmoja na ofisi moja ya teknolojia.

Zahanati ikiwa ya kaunti, iache. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010 huduma hizo ziko mikononi mwa serikali ya Kaunti ya Embu, na tovuti yake, ikihitajika, ni ya kaunti kutengeneza.

Kuna swali la pili la daftari, nalo huokoa kazi nyingi kuliko maarifa yoyote ya seva. Je, kila tawi linahitaji tovuti, au ukurasa unatosha? Kiwanda cha kahawa kinachotangaza malipo mara chache kwa mwaka, saa za kupokea cheri wakati wa mavuno na jina la meneja wake kinatoshwa na ukurasa. Tovuti nzima yenye menyu na themu yake itakuwa nguo kubwa kwa mtoto mdogo, na mwaka mmoja baadaye itakuwa na tangazo moja lililopitwa na wakati. Sababu halali ya kulipatia tawi tovuti yake ni mamlaka. WordPress ya kawaida haina ukuta kati ya kurasa, na mtu mwenye cheo cha mhariri anaweza kubadilisha kurasa zote, kwa hiyo karani wa kiwanda kimoja ataweza kufuta tangazo la kiwanda kingine. Kama matawi yana watu wao wa kuandika na hayatakiwi kugusiana mambo, hapo Multisite ina kazi. Kama wewe ndiwe utakayeandika kila kitu, bakia na tovuti moja.

Sasa majina. Domeini zote zinazoishia na .ke zinasimamiwa na KeNIC, na kila mkia una watu wake: .co.ke ni wa biashara, .or.ke wa mashirika yasiyo ya faida, .sc.ke wa shule za msingi na upili, .ac.ke wa vyuo, na .go.ke wa serikali. Shule ina haki ya jina lake lenye .sc.ke, na kuificha nyuma ya jina la mtu mwingine ni kuinyima. Jina lisajiliwe kwa jina la chombo, kwa barua pepe ya ofisi, na namba ya simu inayobaki ofisini. Hapa ndipo vyama vingi vya vijijini hupoteza tovuti zao: kijana alisajili kwa barua pepe yake, akapata kazi Qatar, mwaka ukaisha, taarifa ya kulipia ikaenda kwenye simu isiyowashwa tena, jina likachukuliwa. Ombi langu kwako ni moja: tarehe ya kulipia jina na mahali paswadi ilipo viingie kwenye kitabu cha kumbukumbu za kamati, visomwe mkutanoni kama hesabu nyingine. Kamati hubadilika kila uchaguzi. Kitabu hukabidhiwa.

Ukishaamua kwamba mtandao unafaa, usianzie kwenye kompyuta yako. Najua mafunzo mengi yanasema ujaribu kwanza kwa XAMPP, na kwa tovuti moja ni ushauri mzuri. Kwa Multisite utapambana na mambo ambayo hayatakuwepo kwenye seva halisi. Kwenye localhost WordPress inakuruhusu folda tu, haikuruhusu domeini ndogo. Na kama XAMPP yako imehamia lango (port) la 8080 kwa sababu programu nyingine ilishika 80, matoleo ya zamani ya WordPress yatakataa kusakinisha mtandao, maana hayakubali anwani yenye namba ya lango isipokuwa 80 na 443. Kibaya zaidi ni siku ya kuhamisha. Anwani za tovuti zimetawanyika ndani ya jedwali la wp_site, la wp_blogs, na ndani ya mipangilio ya kila tovuti. Baadhi ya data huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, kwa hiyo ukifungua faili la hifadhidata kwa Notepad na kubadilisha jina refu kwa fupi, hesabu haikubali tena na vitu vinatoweka bila onyo. Kama ni lazima uhamishe, tumia amri ya search-replace ya WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, inayorekebisha hesabu hizo. La sivyo, nunua seva, weka tovuti tupu yenye jina lake la kweli, na ujenge hapo hapo.

Kabla ya kuwasha, chukua nakala ya akiba ya mafaili na ya hifadhidata, kisha zima plagini zote, maana mfumo wenyewe utakudai uzizime. Fungua faili la wp-config.php na uongeze mstari huu juu ya ule wenye maelezo ya kukuambia uache kuhariri:

define( 'WP_ALLOW_MULTISITE', true );

Uandike kwa mkono. Usiunakili kutoka WhatsApp. Simu na programu za kuandikia hupenda kugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na macho hayaoni tofauti. PHP inaiona, na katika matoleo ya sasa tovuti nzima inaanguka, ikabaki ukurasa mweupe au ujumbe wa hitilafu. Ukikuta hivyo mara tu baada ya kuhifadhi faili, futa alama zile, ziandike upya kwa kibodi ya kompyuta, na usonge mbele.

Ukishahifadhi, ingia sehemu ya zana na utaona "Network Setup". Hapo utaulizwa swali ambalo jibu lake ni gumu sana kubadilisha baadaye: tovuti ziwe folda, mfano jina.or.ke/vijana, au domeini ndogo, mfano vijana.jina.or.ke? Tovuti iliyozidi mwezi mmoja huwa haipewi nafasi ya kuchagua folda, kwa kuwa viungo vyake vya zamani vinaweza kugongana na majina ya tovuti mpya. Wengi hufikia hapa, wakaona chaguo limepotea, wakadhani seva yao ni mbovu. Seva haina kosa. Kwa upande mwingine, ukichagua folda, habari za tovuti kuu zitaongezewa neno blog kwenye anwani zao, na ukurasa wa tovuti kuu unaoitwa vijana hautaishi pamoja na tovuti iitwayo vijana.

Mimi huchagua domeini ndogo. Kazi ya mwanzo ni kubwa zaidi, lakini jina la kila tawi linasomeka vizuri kwenye bango la lango, na siku tawi likipata domeini yake lenyewe ni rahisi kuibadilisha. Tangu toleo la 4.5 la mwaka 2016 hakuna haja ya plagini kwa hilo: unafungua tovuti husika kwenye usimamizi wa mtandao, unabadilisha anwani, na kuielekeza domeini mpya kwenye seva ile ile.

Baada ya kuchagua, utapewa vipande viwili vya maandishi. Cha kwanza kinaingia wp-config.php. Cha pili kinachukua nafasi ya kanuni za zamani ndani ya .htaccess, faili ambalo jina lake linaanza na nukta na kwa hiyo hufichwa. Kwenye cPanel, fungua mipangilio ya kisimamizi cha mafaili na uamuru yaliyofichwa yaonyeshwe, la sivyo utaapa kwamba faili halipo. Tovuti ndogo za folda zikifunguka bila rangi wala mpangilio, maandishi meusi yakiteremka upande wa kushoto, karibu kila mara kipande hiki cha pili hakikuingia au kiliingia nusu.

Domeini ndogo zinadai jambo la ziada, na ndilo linalokula usiku wa watu. Kwenye rekodi za DNS ongeza rekodi ya A yenye kinyota, *, inayoelekea namba ya IP ya seva yako. Halafu kwenye cPanel tengeneza domeini ndogo yenye jina hilo hilo la kinyota. Angalia vizuri folda inayopendekezwa, kwa sababu cPanel huwa na tabia ya kukuundia mpya. Ibadilishe iwe ile ile ilipo WordPress, kwa kawaida public_html. Usipofanya hivyo, kila tawi litafunguka kama ukurasa tupu au kosa la 404, nawe utahangaika kutafuta kosa ndani ya WordPress ambamo halimo. Ukishaweka, subiri. Rekodi za DNS huweza kuchukua saa kadhaa kuenea, na mtu wa Safaricom anaweza kuona tovuti ambayo wa Airtel bado hajaiona. Usibadilishe kitu wakati huo. Anayebadilisha kila dakika kumi hajui tena lililosaidia ni lipi.

Kivinjari kikilalamika kwamba tovuti ya tawi si salama, ni cheti. Cheti cha jina kuu hakifuniki matawi. Let's Encrypt imetoa vyeti vya kinyota bila malipo tangu Machi 2018, lakini unathibitisha umiliki kupitia DNS, na si kila kampuni ya kupangisha seva hukufanyia hivyo yenyewe. Waulize kabla ya kulipa. Kumbuka pia kinyota hufunika ngazi moja tu, kwa hiyo fomu.vijana.jina.or.ke itabaki nje.

Na ukiona unaingiza paswadi sahihi, ukurasa unajirudia, unaingiza tena, unajirudia tena, au unaambiwa kuki zimezuiwa, usibadilishe paswadi. Tatizo ni kuki ya domeini moja kutotambuliwa na nyingine, hasa pale tawi lilipopewa domeini yake. Mstari huu ndani ya wp-config.php humaliza shida hiyo mara nyingi:

define( 'COOKIE_DOMAIN', $_SERVER['HTTP_HOST'] );

Kisha futa kuki za kivinjari kabla ya kujaribu tena.

Mtandao ukisimama, zamu ni ya watu, na mambo ya watu yana adabu zake. Msimamizi mkuu ndiye pekee anayeweza kusakinisha plagini na themu kwa tovuti zote. Wawe wawili, wewe na mtu wa kamati, wala wasizidi. Karani wa tawi mpe cheo cha mhariri kwenye tovuti yake peke yake. Unapomsajili, mfumo humtumia barua pepe ya kuthibitisha, na barua zinazotoka kwenye seva za bei nafuu huishia kwenye taka. Weka tiki ya kuruka uthibitisho na umpe paswadi mkononi.

Halafu, siku ya kwanza atakapojaribu kupandisha picha ya mkutano mkuu, itakataliwa. Multisite huanza na kikomo cha KB 1500 kwa kila faili, na picha moja ya simu ya kisasa hupita hapo kwa urahisi. Karani ataamini mtandao wa simu uko chini, atajaribu mpaka data iishe, na hatakuambia. Ongeza kikomo kwenye mipangilio ya mtandao mapema, na umfundishe kupunguza picha kabla ya kuipandisha, kwa faida ya mkulima atakayeifungua kwa data ya shilingi chache. Themu nayo lazima uiruhusu kwenye mtandao kabla tawi halijaiona.

Matangazo ya kupangwa yana mtego wake. WordPress huangalia ratiba yake pale tu mtu anapofungua tovuti. Tawi lisilo na wageni usiku halitachapisha tangazo la saa kumi na mbili asubuhi mpaka mtu wa kwanza aingie. Weka kazi ya cron, yaani amri inayojiendesha kwa saa, kwenye cPanel, na uiandikie kila tawi anwani yake, kwa kuwa ratiba ya tovuti kuu haiamshi za wengine.

Kusasisha fanya usiku, ukiwa na data ya kutosha. Muunganisho ukikatika katikati, faili liitwalo .maintenance linaweza kubaki kwenye seva, na tovuti zote, si moja, zitawaambia wageni kwamba hazipatikani kwa muda. Lifute, angalia kama plagini iliyokuwa ikisasishwa iko salama, endelea. Ukisasisha WordPress yenyewe kwa toleo kubwa, ingia pia usimamizi wa mtandao na uamuru mtandao wote usasishwe, ili hifadhidata ya kila tawi ifuate.

Nakala za akiba ndizo zinazoonyesha kwa uchungu kwamba tovuti hizi zinalala kitanda kimoja. Ukirudisha hifadhidata ya Jumatatu ili kuokoa ukurasa wa vijana ulioharibika Ijumaa, umefuta kila kitu ambacho zahanati na shule ziliandika wiki nzima. Jifunze mapema kurudisha tawi peke yake. Kila tovuti ina namba yake. Ya tatu ina majedwali yanayoanza na wp_3_, na picha zake ziko wp-content/uploads/sites/3. Kwa phpMyAdmin unaweza kutoa majedwali hayo tu na kuyarudisha hayo tu. Andika namba za matawi kwenye daftari lile lile la wenye tovuti.

Kuhusu picha za watoto, nasema kwa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule ya kijijini haina pesa hizo, na mtoto ana haki yake hata bila faini. Fomu ya idhini ipitie kwa mwalimu mkuu, iwekwe kwenye faili, na karani asiye nayo mkononi asipandishe picha ya darasa. Kwenye mtandao wa tovuti picha moja ikinakiliwa kutoka tawi hadi tawi, kuifuta pote ni kazi.

Siku moja tawi litataka kuhama. Usiingie kwenye ubishi, litayarishie safari. Zana ya kawaida ya kuhamisha hutoa habari na kurasa, lakini huacha nyuma mipangilio, wijeti za pembeni na plagini, na picha hufuata tu kama seva ya zamani bado iko hewani wakati wa kuingiza. Watumiaji nao wako kwenye orodha ya pamoja, kwa hiyo wasajili upya huko waendako. Sakinisha WordPress mpya kwa jina lao, ingiza maudhui, fungua kurasa moja baada ya nyingine pamoja na karani wao mpaka aridhike, kisha uelekeze domeini. Kwenye mtandao wa zamani chagua "Archive" kwanza, ili tovuti ifichwe bila kupotea. "Delete" hung'oa majedwali na picha zote mara moja. Iache imefichwa hivyo mpaka kamati yao ikuandikie kwamba hakuna kilichokosekana.